Afisa wa Akiba

Meli ya kwenda Nansio ilikuwa katikati ya ziwa, na Chenge alikuwa amefumba macho akijifanya kalala, maana mazungumzo ya benchi la mbele yalikuwa hayamhusu. Dorotea, aliyekuwa anakwenda kumzika baba yake, alimwonyesha mzee wa pembeni yake wasifu wa marehemu, nakala mia mbili zilizochapwa mtaa wa Mirongo asubuhi ile.

"Hebu soma hapa, baba. Mkutubi mstaafu na afisa wa akiba na mikopo!"

"Kwani hakuwa?"

"Alikuwa afisa wa akiba wa jeshi la majini, wale wanaoitwa vita ikitokea. Dada wa steshenari kaona akiba, kaongeza mikopo kwa akili yake."

Chenge aling'ata ulimi asicheke. Msiba wa watu.

"Acha hivyo hivyo, binti," mzee akasema. "Ukitaja jeshi, watauliza wenzake wako wapi."

"Nimewapigia siku tatu. Hakuna aliyesema anakuja."

"Si unaona? Watakucheka."

"Bora wanicheke mimi. Miaka thelathini alikuwa anapiga pasi yale magwanda, na vita haikuja. Leo nimzike bwana mikopo?"

Hapo Chenge hakuwa na kicheko tena. Alifumbua macho, akampa Dorotea kalamu yake.

Meli ilipogusa gati, Dorotea alikuwa amefuta "mikopo" kwenye nakala kumi na moja tu. Mzee alikuwa bado anampinga, huku amezikumbatia zilizobaki upepo usizichukue.