Mzee Idrisi Aliyeishinda Mashine, Nusura Ashindwe Kesi

Baada ya miaka ishirini na minane ya kazi, Mzee Idrisi bin Mbarak, karani wa leseni wa boma letu la Embu, anastaafu leo, tarehe 31 Desemba 1959. Mimi Njuki, wa meza ya kodi, nimepewa kazi ya kuandika habari zake za kumuaga. Nilikubali haraka kabla hawajampa mtu mwenye adabu zaidi.

Mzee alizaliwa Majengo, Meru mjini, mtoto wa mchinjaji. Alianza utarishi mwaka 1931, akapanda hadi ukarani, na tangu hapo kazi yake ikawa kuruhusu bahati nasibu za hisani na kuziwinda kamari za wajanja. Huko Mikinduri, upande wa Meru, walikuwepo jamaa wa kamari ya karata tatu waliomsumbua miezi mingi. Siku moja akanunua kitita cha miraa ampelekee mgeni wake, akakifungua, akakuta ndani karata zao zote. Muuzaji, aliyekuwa akiwafichia, alikuwa amekosea mteja! Mzee alirudi akawakamata. Miraa hakuirudisha, maana alikwisha kuilipia.

Alihamishiwa Embu mwaka ule ule Hali ya Hatari ilipotangazwa. Tangu hapo bahati nasibu ikataka karatasi mbili, moja ya tiketi na moja ya watu kukusanyika, na Mzee aliziandika zote kwa mwandiko wa kupendeza kiasi kwamba watu waliokataliwa waliondoka wakiusifu.

Lakini mnataka ile ya Ishiara. Najua. Haya.

Mwaka 1957 akina mama wa Ishiara, wakiongozwa na mkunga Wawira, waliomba kibali cha kuuza tiketi, zawadi ikiwa fahali mmoja. Walitaka mabati ya zahanati. Paa la nyasi lilikuwa limeoza, na msimu wa mvua uliotangulia wazazi wawili walijifungua huku wamefunikwa turubai. Mzee alitoa kibali, na kwa sharti la sheria kilipaswa kutundikwa mahali pa wazi. Akina mama hawakuwa na ukuta. Kwa hiyo wakafanya kama afanyavyo kila mtu sokoni kwetu akipata karatasi yenye muhuri: wakaitundika dukani, ndani ya fremu, kwa Gichovi muuza sukari.

Gichovi akaitazama ile fremu, akapata wazo. Chini yake akaweka mashine ya kamari. Unatia senti kumi, unavuta mpini, picha tatu zinazunguka. Zikilingana, mashine inatapika pesa. D.O., mkuu wa tarafa, alipoikuta, Gichovi alisema ni sehemu ya mchango wa akina mama, kwani kibali si hicho hapo juu? D.O. akasimamisha uuzaji wa tiketi papo hapo. Mahakama ikimwamini Gichovi, alisema, kibali kitafutwa, kwa kuwa kilikuwa cha tiketi peke yake. Mvua ilikuwa imebakiza wiki tano.

Kortini Gichovi alishikilia kwamba mashine yake si kamari bali ni mchezo wa ustadi, tena wa hisani. Hakimu akataka kuiona ikifanya kazi, akamwamuru shahidi wa serikali aivute. Shahidi alikuwa Mzee Idrisi, Mwislamu asiyewahi kugusa hata dadu. Nilikuwepo. Alishika mpini, akaanza kusema bismillahi kwa mazoea, akaziba mdomo kwa kiganja.

Akavuta. Malimau matatu! Senti zikamwagika. Hakimu akasema, tena. Kengele tatu! Mara ya tatu pesa zilijaa kwenye kisahani zikabiringika sakafuni, askari wawili wakazifukuza chini ya mabenchi, na korti nzima ikacheka mpaka karani wa korti akaangusha kalamu. Wawira peke yake hakucheka. Alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

“Bwana Jaji, si umeona?” Gichovi alipiga kelele. “Huyu mzee ni fundi! Hii sio kamari, ni ujuzi ya mkono!”

Mzee alikuwa analowa jasho. Akajipangusa, akainama kidogo.

“Bwana Hakimu, mimi nimeshika hii kitu leo mara ya kwanza. Mwenyewe ako nayo kila siku dukani. Wacha basi yeye atuonyeshe huo ujuzi.”

Gichovi akavuta. Hapana kitu. Akavua koti, akavuta. Hapana. Watu wakaanza kuhesabu kwa sauti, na walipofika kumi na tisa senti zake zilikuwa zimekwisha, akamgeukia Mzee mbele ya hakimu amkopeshe zile alizoshinda! Hakimu alifunika uso kwa faili, mabega yakimtikisika. Alipopata sauti alisema aliyedanganya kuhusu ustadi hawezi kuaminiwa kuhusu hisani. Mashine ikatwaliwa na serikali, na akina mama wakaruhusiwa kuuza tiketi tena siku hiyo hiyo.

Mabati yalipigiliwa siku nne kabla ya mvua. Mzee alikwenda Ishiara kwenye ufunguzi, na mvua ikapiga lile paa kwa kishindo hata hotuba ya D.O. haikusikika. Mzee alisimama chini yake ameinua kiganja, akitafuta tone. Hakulipata. Alilia waziwazi, na mimi nililia naye, sioni aibu kusema.

Juma lililopita akina mama wale wale walileta ombi jipya: bahati nasibu ya kumnunulia Mzee zawadi ya kumuaga. Alilisoma mara mbili, akachukua muhuri, akalikataa, kwa sababu sheria hairuhusu bahati nasibu kwa faida ya mtu mmoja. Ndiyo kazi yake ya mwisho mezani.

Basi, Mzee Idrisi, pokea asante zetu sote, uende ukapumzike kwa afya na furaha nyumbani kwako Majengo. Na ukimaliza kusoma haya, inua macho utazame mabenchi ya mbele hapa shereheni. Wawira amekuja na wenzake, na kila mmoja amembeba mtoto aliyezaliwa chini ya mabati yale.