Darasa la Dada Simu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa chama chetu, walimu wenzangu, wazazi, ndugu wageni waalikwa, na ninyi wanafunzi mliokaa sakafuni mpaka miguu imekufa ganzi: hamjambo!

Nimeombwa niseme machache kuhusu miaka yangu thelathini ya kufundisha karate. Lakini kustaafu kwangu si habari kubwa. Habari ni yule dada aliyeketi pale mbele, tunayemwita Dada Simu kwa kuwa ndiye anayepokea simu za hospitali.

Alipofika hapa miaka sita iliyopita na fimbo yake nyeupe, nilibabaika. Ngumi ya kunyoosha ndiyo somo la kwanza, nami nimezoea kusema, "Tazameni!" Nikamwambia, "Dada, kusema kweli sijui nianzie wapi."

Akajibu, "Wewe piga, mwalimu. Mimi nitashika."

Akaweka kiganja kimoja begani kwangu, kingine kwenye kiwiko. Nikapiga: ngumi ikatoka kiunoni, ikajigeuza mwishoni, mkono wa pili ukarudi ubavuni. Nikapiga tena na tena. Mara ya kumi akasema, "Samahani, mwalimu. Mbona bega linapanda kabla ngumi haijatoka?"

Darasa zima lilicheka. Mimi nilikasirika, sifichi. Nilipofika nyumbani nilisimama mbele ya kioo cha kabati, nikapiga. Bega likapanda! Mke wangu akasema, "Kumbe ni kosa? Mimi nilidhani ndivyo inavyotakiwa."

Ndugu zangu, miaka ishirini na minne nilikuwa nagawa kosa langu. Wangapi humu ndani wamelirithi?

Kesho yake nilimwomba radhi mbele ya wote, tukaanza upya, polepole, ngumi mia kila siku, naye akipita mstarini akigusa mabega.

Wazazi, mmoja wenu ameniuliza, "Asiyeona atawasahihishaje watoto wetu?" Swali la haki. Nami nauliza: mimi mwenye macho mawili, nililiona kosa langu?

Kuanzia Jumatatu darasa la wanaoanza ni lake. Asubuhi hii nilimwambia, "Dada, nami nitakuja, nitasimama mstari wa nyuma. Ukinifikia, usinionee haya."

Akanijibu, "Sawa. Ila usichelewe."

Nawashukuru sana kwa kunivumilia na kunisikiliza.