Wasifu wa Bibi Barua, Mkutubi wa Utafiti wa Maji

Mama tunayemsindikiza leo alizaliwa alfajiri ya tarehe 3 Mei 1956, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa kitinda mimba wa fundi cherehani na mkunga. Kaka yake, aliyemtangulia kwa miaka mitano, ndiye aliyemfundisha kusoma, kwa magazeti ya zamani ambayo baba yao alikatia vipimo vya nguo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1963, na mwaka 1977 akapata stashahada ya ukutubi. Siku ya mahafali mama yao alimwuliza, "Sasa mwanangu, hiyo kazi ni ya kusoma vitabu au ya kuvilinda?"

"Kuvilinda, mama. Kusoma watasoma wenyewe."

Jibu hilo alilikumbuka maisha yake yote, wala si kwa kujisifu.

Tarehe 2 Januari 1978 aliajiriwa katika maktaba ya taasisi ya utafiti wa maji: chumba kirefu cha ghorofa ya chini, makabati kumi na mawili ya chuma, na funguo zote shingoni mwake. Desturi ya pale ilikuwa kwamba hakuna anayesoma ripoti bila barua ya utambulisho yenye muhuri. Marehemu aliishika desturi hiyo kuliko hata walioiweka. Watafiti wakambandika jina la Bibi Barua, naye akalipenda.

Mumewe, fundi redio, alimpata humo humo. Kitabu alichokitaka hakikuruhusiwa kutoka, basi akawa anakwenda kukisoma palepale kila jioni, kurasa tatu tatu. "Kitabu nilikimaliza," husema hadi leo, "sababu za kwenda ndizo sikuzimaliza." Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1981, wakajaliwa binti wawili.

Jumanne ya tarehe 14 Agosti 1990, bwana afya wa zahanati ya mbali aliingia maktabani baada ya safari ya siku mbili. Aliomba ripoti ya upimaji wa visima vya kijiji chake.

"Barua iko wapi?" marehemu aliuliza.

"Barua ya nini tena, mama? Kisima ni chetu."

"Kisima ni chenu. Ripoti ni ya taasisi."

Bwana afya alivaa kofia yake, akaaga kwa adabu, akaenda zake.

Februari 1996 ililetwa ripoti mpya, ya watoto wa kijiji kilekile, ambao miguu yao ilikuwa imepinda kwa madini yaliyozidi katika maji. Marehemu alipokwenda kuipanga, mahali pake palikuwa kando ya ile ya kwanza. Akaifungua. Ukurasa wa tisa ulisema kisima cha pili kifungwe mara moja. Kadi ya wasomaji haikuwa na jina hata moja. Msafishaji alimkuta ameketi sakafuni, akamwuliza kama anaumwa.

"Siumwi, mwenzangu. Naona haya."

Alisafiri hadi zahanati ile. Bwana afya akamwuliza, "Leo umekuja na barua?"

"Nimekuja na ripoti, baba. Nimechelewa."

"Umechelewa," alikubali, akamwonyesha watoto.

Aliporudi aliondoa sharti la barua. Akawashawishi wakutubi wa maktaba nyingine kumi za utafiti, na ilipoandaliwa sera ya taifa ya sayansi huria, wao ndio waliodai kwamba utafiti uliofanywa kwa fedha za wananchi usomwe na yeyote. Rasimu ya wizara ilisema "wenye kibali". Usiku wa kuamkia kikao, kaka yake alimsihi asiitaje habari ya kisima.

"Usijivue nguo mbele za watu, dada yangu. Sema hoja tu."

"Wale watoto, kaka, miguu yao wanaificha wapi?"

Kikaoni, tarehe 9 Juni 2015, profesa mmoja alimtania, "Leo Bibi Barua ndiye anayetaka kufuta barua?" Ukumbi ukacheka. Marehemu akasimama, akasimulia yote, na maneno yake mwenyewe ya siku ile akayarudia bila kuyapunguza. Kicheko kikakatika. Neno "kibali" likafutwa. Walipompigia makofi alikaa ameinamisha kichwa.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Alimwomba kaka yake amwandikie wasifu huu mapema, akausoma kitandani, kalamu mkononi.

"Kaka, kuna ukurasa umepotea."

"Upi?"

"Unaujua."

Aliaga dunia tarehe 19 Septemba 2023, saa kumi jioni. Ukurasa huo wa kisima umerudishwa kama alivyotaka, na kaka yake, aliyetaka kuuficha mara mbili, anausoma kwa haya.

Ameacha mume, binti wawili, wajukuu watano na kaka mmoja. Mungu ampe amani ambayo mwenyewe hakujipa.