Kwa Nini Funguo Anatokea Dirishani

Benchi lenyewe ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, pembeni mwa njia, ukutani kwa duka ambalo halijafunguliwa tangu mwenyewe ahame. Baada ya saa tano halina kivuli, kwa hiyo kila mwenye hoja hujitahidi aimalize kabla ya hapo. Kahawa ni ya Birika, mtu mzima anayemimina huku anatazama kwingine na hajawahi kumwaga hata tone. Kulia kwake hukaa Wakili, ambaye sheria hakuisoma ila aliichapa, miaka ishirini na miwili kwenye mashine ya mahakamani, mpaka ikamwingia. Kushoto hukaa Betri, fundi redio, asiyeamini kwamba kuna tatizo duniani lisilotokana na waya. Asubuhi hiyo ya Jumatano wote watatu walikuwa wametazama upande mmoja, ng'ambo ya njia, kwenye nyumba ya Funguo, ambako mguu uliovaa kiatu ulikuwa unaning'inia nje ya dirisha la sebule ukitafuta ardhi.

Mguu ukapata ardhi, mwenyewe akafuata, kisha mkono wake ukarudi ndani na kutoka na sanduku la vifaa. Funguo alijipangusa magoti, akavuka njia, akaketi. Alikuwa fundi wa kufuli na vitasa, na mtaa mzima haukuwa na mlango uliowahi kumshinda. Alijua kwamba wamemwona. Alijua pia kwamba tangu Jumapili wamekuwa wakimwona na kujikaza wasiulize, na kwa jinsi Birika alivyomkabidhi kikombe leo, polepole kama anayempa mgonjwa dawa, uvumilivu ulikuwa umekwisha.

Birika: Leo siku ya nne.

Funguo: Najua.

Betri: Mlango umekufa?

Funguo: Mlango mzima kabisa. Umefungwa tu.

Betri: Umefungwa! Mlango wako? Wewe?

Funguo: Kaufunga binti yangu.

Birika: Yule wa miaka minne? Kaitoa wapi kufuli?

Funguo: Hana kufuli. Yaani anayo, ila haionekani. Na ufunguo wake hauonekani. Kajitungia kichwani mwake, kaitundika mlangoni, kafunga.

Wakili aliteremsha kikombe chake na kukiweka chini kwa uangalifu. Kesi za namna hii ndizo zilizokuwa zikimwamsha asubuhi.

Wakili: Kwa hiyo mlango, kimsingi, uko wazi.

Funguo: Hicho ndicho nilichosema Jumamosi, na ndicho kilichoniponza.

Basi ikabidi awaeleze. Jumamosi alikuwa anawahi kwenye lile jengo jipya la ghorofa, vitasa mia mbili, msimamizi anapiga simu kila baada ya dakika tano. Mtoto akasimama mlangoni, akamwambia baba huwezi kutoka, nimefunga. Yeye, na haraka zake, akasema hakuna kufuli hapo mama, ona, akausukuma mlango, akapita.

Birika: Jumamosi? Wewe si ulikuwa hufanyi kazi Jumamosi?

Funguo: Zamani.

Betri: Akalia?

Funguo: Afadhali angelia. Alinitazama tu. Tangu siku hiyo hajanisemesha.

Birika: Hata neno moja?

Funguo: Hata moja. Na huyu mtoto alikuwa hanyamazi. Nikirudi alikuwa ananisimulia kila kitu, mpaka paka alichoota. Sasa nikimsalimia anageukia ukuta. Jamani, nyumba imekuwa kubwa.

Alisema hivyo akiangalia ndani ya kikombe. Wote walikuwa wamezaa au wamelea, na wote walikuwa wamewahi kununiwa na mtu asiyefika kiunoni.

Betri: Kwa hiyo dirisha ni la kuomba msamaha.

Funguo: Ni la kuheshimu kufuli. Nilidhani akiona naiheshimu, atalegeza. Wapi! Anakaa pembeni, ananitazama navyohangaika, kimya.

Wakili: Na wenzako humo ndani wanapita wapi?

Funguo: Mlangoni. Wote kawapa funguo. Mama yake anao. Mama yangu anao, kaufunga uzi usioonekana, kautundika shingoni, na kabla ya kuoga anauvua. Hata jirani anayeazima pasi kapewa wa akiba. Mimi nilipokunjua kiganja, alikitazama kiganja, akaenda zake.

Birika: Mtaa mzima una ufunguo isipokuwa fundi ufunguo.

Betri alicheka mpaka kahawa ikampalia. Funguo hakucheka, ila hakukasirika pia. Angekuwa ni mwingine, yeye mwenyewe angekuwa wa kwanza kucheka.

Wakili: Hebu tuende kwa utaratibu. Nina uzoefu. Mwanangu alipokuwa na umri huo, alikuwa na mamba kwenye beseni. Haogi. Nikaona isiwe taabu, nikamwandikia mamba notisi ya kuhama, siku saba, nikaipiga muhuri.

Birika: Akahama?

Wakili: Alikata rufaa.

Birika: Mamba?

Wakili: Kupitia kwa mtoto. Akadai ana familia. Nikaongeza siku kumi na nne. Mwishoni tulikubaliana mamba achukue Jumatatu hadi Ijumaa, sisi tuoge wikiendi.

Betri: Na hilo unaliita uzoefu? Mimi binti yangu aliniajiri udereva. Kochi ndilo lori, linapeleka saruji. Siku ya pili tu akanifukuza kazi, eti naendesha kasi. Akaninyang'anya leseni.

Birika: Ukafanyaje?

Betri: Sasa mwaka wa pili huu, kochi lile nalikalia kama abiria. Dereva ni mke wangu.

Birika: Funguo, mwanangu, na wewe hukujaribu ufundi wako?

Funguo alikuwa ameomba Mungu swali hilo lisije. Akakiri kwamba alikuwa amejaribu. Jumapili jioni alipiga magoti mbele ya mlango na vifaa vyake vyote halisi, akachokonoa hewa nusu saa, jasho likamtoka kwelikweli. Mwisho akafanya "kach!" kwa ulimi, akamkaribisha mwenye kufuli aje aikague. Mtoto alikuja, akapapasa pale hewani kwa viganja viwili, akatikisa kichwa. Mama yake Funguo naye, aliyekuwa anachambua mboga pembeni, akanyoosha shingo akatazama na kusema kweli bado haijafunguka.

Betri: Umetumia njia ya kizamani. Hiyo si kufuli ya ufunguo. Hiyo ni ya rimoti.

Funguo: Kakuambia nani?

Betri: Nafikiri tu. Angalia, wengine wote wanapita bila kuugusa mlango. Ni mawimbi. Unachotakiwa ni kukata umeme wa nyumba nzima, uhesabu hadi kumi, uuwashe. Itasahau namba.

Wakili: Upuuzi. Hapa suala ni umiliki. Kufuli ni ya mtoto, mlango ni wa baba. Mlango una haki ya kuondolewa. Ng'oa mlango! Kufuli itabaki inaning'inia hewani, haina kazi.

Birika: Na wezi?

Wakili: Wezi watakuta kufuli.

Birika: Mimi sijasoma, lakini naona mngechimba njia ya chini. Ya kujitungia pia, mtoto akiwa anaona. Unaingilia jikoni, unatokea hapa kwangu.

Betri: Na udongo? Nyumba ile ndogo. Njia ya kutoka jikoni mpaka hapa ina udongo wa malori matatu.

Birika: Wewe si una lori?

Betri: Nimenyang'anywa leseni, nimesema!

Wakili: Halafu huwezi kuchimba chini ya barabara ya umma bila kibali. Nani atasaini?

Wakaanza kubishania kibali. Wakili alitaka nakala tatu. Betri akasema udongo umwagwe nyuma ya duka lililofungwa, Birika akakataa katakata kwa sababu vumbi litaingia kwenye kahawa yake. Sauti zilipanda. Funguo aliwasikiliza mmoja mmoja, na kilichomtisha ni kwamba pale kwenye njia ya chini ya ardhi alijikuta anapima umbali kwa macho.

Hakuna aliyejua mwanamke mmoja amesimama nyuma yao tangu lini. Mkononi alikuwa na kitasa kilichong'oka, amekiviringisha kwenye gazeti, na usoni alikuwa na subira ya mtu aliyezoea kupanga foleni.

— Samahani, wazee wangu. Nimeelekezwa hapa kwa fundi wa kufuli.

— Ndiye huyu, dada, Birika alisema. Ila tuko naye kwenye kikao. Karibu kahawa.

Mwanamke akapokea kikombe na kuketi mwisho wa ubao. Akaelezwa shauri lote kuanzia Jumamosi, watu watatu wakimweleza kwa pamoja, na Betri akirudi nyuma mara mbili kusisitiza rimoti. Aliwasikiliza bila kutabasamu. Alipomaliza kahawa alimgeukia Funguo.

— Na jioni, kaka, ukirudi kazini unaingilia wapi?

— Hapohapo dirishani.

— Kwani na jioni huwa amefunga?

Funguo aligeuka akautazama mlango wake.

Wakili akamtazama Betri. Betri akamtazama Birika. Birika, kwa mara ya kwanza tangu aanze kuuza kahawa, alimimina akaona kikombe kinafurika, akaacha.

— Hilo, Wakili alisema polepole, halimo kwenye jalada.

Kwa sababu Funguo hakujua. Hakuwahi kuujaribu. Asubuhi alitokea dirishani na jioni akarudia dirishani, akijiona ana adabu. Sasa ndipo alipoanza kuona alichokuwa anakikuta humo ndani kila anapotua sebuleni. Mtoto hakuwa dirishani akimlinda. Alikuwa mlangoni. Amesimama wima, uso kwenye ubao wa mlango, mkono mmoja ameuinua juu kwa vidole vilivyobana kitu kama ufunguo, pale ambapo kufuli ingekuwa. Akisikia kishindo nyuma yake hugeuka, humwona baba yake amekwisha kuingia, na mkono huo huushusha taratibu. Jioni tatu. Na yeye, mtu anayekula kwa kujua upande upi wa mlango unafunga na upi unafungua, alidhani mtoto anakagua bawaba.

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Akainuka.

— Fundi, na kitasa changu? mwanamke aliuliza.

— Nisubiri kidogo, dada.

Alivuka njia mikono mitupu, sanduku la vifaa akaliacha chini ya benchi. Simu ilikuwa inaita mfukoni, bila shaka msimamizi, na hakuitoa. Alipita dirisha lake lililokuwa wazi bila kulitazama, akasimama mbele ya mlango, na akaona haya kidogo, kwa sababu hajawahi kubisha hodi kwake.

— Hodi!

Ndani, miguu midogo ilikimbia, ikasimama ghafla upande wa pili wa ubao. Benchi zima lilikuwa limesimama.

— Nani?

Neno moja tu, lakini lilikuwa lake.

— Mimi, mama. Baba yako.

— Umetoka wapi?

— Kazini.

— Mbona mapema?

— Nimerudi tu.

Upande wa pili wakafikiria. Kisha ikasikika kufuli, ikifunguliwa kwa ulimi, kririk, kririk, mizunguko miwili kamili, na mlango ukavutwa kwa nguvu na mtu aliyelazimika kutumia uzito wake wote. Mkono ukatoka, ukamshika kidole gumba, ukamwingiza. Mlango ukarudishwa. Kririk, kririk.

— Huyo leo hatoki tena, Birika alisema ng'ambo ya njia, akamwomba mwanamke amwachie kitasa.

Ndani, mtoto aliuficha ufunguo mahali fulani kwenye nywele zake, akamwonyesha baba yake kiti, akangoja mpaka amekaa vizuri. Halafu na yeye akapanda kwenye kiti cha pili, akanyoosha gauni lake magotini, akavuta pumzi.

— Nianzie Jumamosi?

Funguo alimwambia ndiyo, aanzie hapohapo Jumamosi.