Kiti cha Karibu na Pasi

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, fundi mkuu wa Chumba cha Ushonaji cha hospitali yetu anastaafu. Humu ndani tunamwita Shangazi. Hata mganga mkuu, anayemzidi cheo, humwita hivyo hivyo, na akichelewa kurudisha koti lake lililochanika hugombezwa kama mpwa yeyote.

Alianza kazi kwa kupindia mashuka. Kabla mwaka haujaisha alikuwa akikata nguo za chumba cha upasuaji, na baadaye akatutoa aibu kubwa. Zamani gauni la mgonjwa lilifungwa kwa kamba mbili nyuma, na mtu alipokwenda msalani ilibidi mkono mmoja ubaki mgongoni kulinda heshima. Shangazi alibuni gauni ambalo pande zake zinapishana vizuri na kufungwa ubavuni. Ndilo linalovaliwa katika wodi zetu zote hadi leo.

Ukali wake pia usisahaulike. Mkasi wake wa kitambaa haukati karatasi. Mhasibu mmoja alijaribu siku moja, mara moja tu, na mpaka sasa akipita mlangoni kwetu huongeza mwendo.

Miaka kumi na miwili iliyopita tezi yake ya shingoni ilizembea kazi, akaanzishiwa vidonge vya homoni. Kila siku anapofika kazini humeza kimoja tumbo likiwa tupu, na hagusi chai mpaka saa nzima ipite. Chumba kizima kikasogeza chai mbele ili asinywe peke yake. Tezi ikilegea mtu husikia baridi, naye alishona akiwa na sweta hata wakati wa jua kali. Kwa hiyo tulimpa kiti cha karibu na pasi kubwa ya mvuke, kiti ambacho sote tulikimezea mate. Tulijiona watu wema sana.

Miaka minne baadaye mambo yakaanza kwenda mrama. Vidole vikafa ganzi, jicho la kushoto likaingia ukungu, miguu ikawa mizito. Mshono wake, ambao siku zote ulinyooka, ukaanza kupinda. Kila mmoja wetu alikuwa na jibu, na jibu lilikuwa lile lile: ni tezi tu hiyo, Shangazi. Mwenzetu wa mapazia akamshauri aongeze dozi. Akaongeza nusu kidonge kwa akili yake mwenyewe, moyo ukamwenda mbio, daktari akamkemea na kumrudisha kwenye dozi yake. Kipimo cha damu kilionyesha tezi imetulia sawasawa, lakini ganzi haikuondoka. Sisi tukamsogeza karibu zaidi na pasi.

Kisha pasi ikaharibika. Wiki nzima chumba kilikuwa baridi, na wiki hiyo hiyo Shangazi alitunga uzi kwenye sindano bila kuhangaika, akaimba, akatutania. Fundi alipoitengeneza tulipiga makofi. Kufika adhuhuri ukungu ulikuwa umerudi jichoni. Mpiga pasi wetu akasema kwa mzaha kwamba mashine yake inamroga mama wa watu, na Shangazi akaupeleka mzaha huo kwa daktari. Daktari hakucheka. Alimwuliza maswali mengi kuhusu joto, kisha akampeleka kwa bingwa wa mishipa ya fahamu, naye akaagiza picha ya ubongo na uti wa mgongo.

Ugonjwa unaitwa maltipo sklerosisi. Kinga ya mwili, badala ya kupambana na adui, inaushambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu. Mume wake, ambaye ni fundi redio, ndiye aliyeelewa mapema kuliko sisi wote: waya ukichubuka ganda, sauti inakatika-katika. Joto huzidisha kukatika huko. Shangazi aliweka pakiti ya vidonge vya tezi juu ya meza ya bingwa na kuapa hatavimeza tena, maana aliamini ndivyo vilivyomletea balaa. Bingwa akamrudishia pakiti mkononi. Vidonge havina hatia, alimweleza. Mwili mmoja unaweza kubeba magonjwa mawili, na kuacha dawa ya mmoja hakuponyi wa pili.

Ofisi ilipopata habari ikapendekeza astaafu mapema kwa sababu ya afya. Haikuwa kwa ubaya. Ila Shangazi alirudi chumbani amenuna, akasema ugonjwa umeshamchukulia jicho na vidole, kazi hautaichukua. Hatukujua kama ataweza. Tuliogopa, na hakuna haja ya kulificha hilo.

Kiti chake kikahamia dirishani. Mume wake akaleta feni. Kazi nzito za kukata akazifanya asubuhi, mchana akafundisha wengine. Alianza sindano za kuzuia ugonjwa usiende mbio. Madirisha yalibaki wazi hata msimu wa baridi, na wa kuvaa sweta sasa tukawa sisi. Mwaka juzi ugonjwa ulimwangusha vibaya, akalazwa, na wapo waliokwisha kuanza kumchagulia zawadi ya kumuaga. Alirudi na fimbo. Aliuliza zawadi iko wapi, akasema iwekwe vizuri, ataihitaji wakati wake ukifika.

Umefika. Binti yake, mwalimu wa chekechea, anatuambia wajukuu wameshapanga zamu ya kumsindikiza matembezi ya asubuhi kabla jua halijawa kali. Shangazi, asante kwa nguo, kwa kutugombeza, na kwa kukaa nasi. Tunakuombea siku zenye upepo mwanana na miguu inayokutii.

Nilipomwuliza angependa niandike nini hapa, alisema mengine niandike nitakavyo, lakini jambo moja nisilikosee. Basi wote mnaosoma mjue: Shangazi ametimiza miaka sitini, na anastaafu kwa umri.