Chombo cha Kichwa cha Nurys

Kijiwe chetu kiko mbele ya duka la Doña Fefa, mtaa wa La Joya, kwenye kreti za bia zilizogeuzwa viti. Sisi ndio tunaoamua mambo yote ya jiji la Santiago, ila serikali haijapata habari. Mimi shule niliiacha mapema, walimu walikuwa wanaishiwa majibu. Kulia kwangu hukaa Jenerali, yaani mzee Radhamés, aliyewahi kulinda geti la kambi na hajashuka cheo tangu siku hiyo. Kushoto hukaa Transfoma, fundi umeme anayeuogopa umeme. Jumamosi ile, kesho yake ikiwa Siku ya Mama, chupa ya kahawa ilikuwa bado imejaa alipokuja Wandy wa bodaboda, akaegesha pikipiki, akakaa bila kusalimia.

— Nurys wangu bado yuko kwa mama yake, akasema. Na watoto. Ameniletea ujumbe: kesho nije na kitu cha kutengenezea nywele, rahisi, atakachotumia kwa mkono wake mwenyewe. Nikileta upuuzi, nisivuke geti.

Kosa la Wandy tulilijua. Kwenye ubatizo wa mpwa wao, Nurys alikuwa ametoka saluni, kashinda na rola kichwani tangu asubuhi. Muziki haujakolea, nywele zikalala. Nywele zake nyembamba, laini, hazishiki kitu, hata kibanio kinateleza. Wandy, bia ikimsukuma, akatangaza mbele ya ukoo mzima kwamba mkewe ana ndevu za mahindi. Watu walicheka. Nurys hakucheka.

— Mchagua jembe si mkulima, akasema Jenerali. Kwa hiyo chagua vizuri.

— Mzee, hiyo methali inasema kinyume, nikamwambia.

— Kinyume chako wewe, uliyekimbia darasa.

— Hapa hakuna cha kuchagua, akasema Transfoma. Pasi ya nywele, ile ya kubana. Weka moto wa mwisho, pitisha mara moja, kazi imekwisha.

— Si zitaungua? akauliza Wandy. Nimesema ni nyembamba.

— Wembamba wa reli, treni inapita. Halafu maji ya moto hayachomi nyumba.

— Pasi haina maji.

— Basi ndiyo salama zaidi.

Nikaona niingize sayansi. Nikaenda dukani, nikachomoa ndevu kwenye hindi bichi la Doña Fefa, nikaazima pasi ya nywele ya binti yake, tukaichomeka kwenye soketi iliyo kando ya friji ya soda. Kama nywele za Nurys ni ndevu za mahindi, nikamweleza Wandy, jaribio hili ni halali kabisa. Transfoma akafumba macho, akabana. Moshi. Alipoachia, ndevu zilikuwa nyeusi, zimejikunja kama miguu ya buibui aliyekufa.

— Huyo ni mke wangu, akasema Wandy polepole.

— Hilo ni hindi. Tulia.

Hapo hapo friji ikanyamaza. Feni za mtaa mzima zikanyamaza. Umeme umekwenda, kama kawaida yake, bila kuaga.

— Mnaona? akasema Transfoma, kana kwamba kauzima yeye. Anahitaji draya isiyotegemea umeme. Draya ni nini? Upepo wa moto. Pikipiki ya Wandy inatoa nini kule nyuma? Upepo wa moto. Nurys anainamisha kichwa kwenye ekzosi, mume anapiga resi. Nywele zinakauka na ndoa inaimarika.

— Atanuka petroli.

— Mke wa bodaboda anayenuka waridi, huyo mchunguze.

Jenerali akatikisa kichwa kwa huruma.

— Vijana, tatizo la nywele nyembamba ni uzito. Zinalala kwa sababu hazina nidhamu. Kambini tulipaka wanga kwenye kola, kola inasimama mpaka ustaafu. Mpikie wanga wa muhogo, mmwagie ukiwa wa vuguvugu, mvishe sufuria mpaka ukauke. Kinyozi hajinyoi.

— Kinyozi ameingiaje hapo?

— Ameingia mwenyewe. Endelea kunywa kahawa.

Nikatoa ya kwangu, iliyozipita zote. Chukua brashi ya duara, funga kwenye mota ya blenda, unganisha na betri ya pikipiki. Brashi inazunguka, mama amekaa tu, anakunja nne. Nikawaambia nywele nazijua, wasichana watatu wa mtaa huu wanaweza kushuhudia.

— Wataje, akasema Transfoma.

— Siwataji. Wana heshima zao.

Wandy hakucheka. Alikuwa anageuzageuza ule mkaa wa hindi kiganjani.

— Binti yangu amenipigia asubuhi, akasema. Ananiuliza kama kesho nitakula nao. Nimemwambia mtandao unakatakata.

Jenerali akammiminia kahawa, akampa na sukari yake yote.

Ndipo akatokea mwanamke ambaye hatukumjua, rola kubwa kichwa kizima na wavu juu yake, mkoba kwapani.

— Nani mwenye pikipiki? Nakwenda Gurabito.

— Mimi, akasema Wandy. Ngoja kidogo, dada. Nachagua chombo cha nywele za mke wangu.

— Nywele zake zikoje?

— Nyembamba sana. Laini.

— Anazigawa upande gani?

— Unasemaje?

— Ule mstari wa kichwani. Anauweka kulia au kushoto?

Wandy akainua mkono mpaka kwenye kichwa chake mwenyewe, akagusa huku, akagusa kule.

— Akinitazama hivi, ni kushoto. Kushoto kwangu. Au kwake?

— Katikati, akasema Transfoma. Wanawake wote katikati.

— Wako pia? akauliza yule dada.

Transfoma akaanza kukagua waya wa friji. Jenerali akasema mkewe hufunga kitambaa, na mambo ya chini ya kitambaa ni siri ya jeshi.

Wandy akaweka kikombe chini, akapanda pikipiki, akaiwasha.

— Unakwenda kununua nini? nikamuuliza.

— Sinunui. Nakwenda kwa mama mkwe.

— Mikono mitupu? Hawatakufungulia.

— Nitasimama nje ya geti. Akitoka kuanika nguo, kichwa kinaonekana.

Akaondoka, abiria amemwacha amesimama. Yule dada akalitazama vumbi, akavuta kreti ya Wandy, akakaa. Halafu akaiona pasi ya nywele kando yangu, akanigeukia.

— Na wewe kijana, mtaalamu wa nywele. Mama yako anazigawa upande gani?

Nikainua kikombe. Kilikuwa kitupu. Nikanywa hivyo hivyo, taratibu.