Unga wa Shaba kwa Lori la Griftu

Kijiwe cha kahawa cha mama aitwaye Sahara kilikuwa nyuma ya soko la mifugo la Garissa, kwenye benchi ambalo mguu wake wa nne ulikuwa tofali. Hapo hakuna habari iliyoachwa mbichi. Zote zilipikwa mpaka zikaungua. Siku moja ya mwaka tisini na sita, Kulow Breki, dereva wa lori la Griftu, alifika na kopo mkononi na wasiwasi tele moyoni. Lori lake lilikuwa linachemka. Safari iliyopita, kabla ya kufika Habaswein, rejeta, lile tangi la kupoza injini, ilikunywa mpaka maji ya abiria, watoto wakalia kiu hadi mjini. Ile aibu ilikuwa haijamtoka, na kesho alikuwa anaondoka tena.

— Ndani iko nini? akauliza Guleid, aliyeitwa Redio kwa sababu hazimiki.

— Unga ya shaba. Nimeokota kwa fundi ya funguo, chini ya tupa yake. Si wewe ulisema wazungu wanatia chuma kwa maji?

— Nilisema. Wanasaga mpaka macho haioni, wanatia. Hiyo maji inabeba joto kushinda maji ya kawaida.

— Kwa nini?

Awil Injinia, ambaye hajawahi kufungua hata nati, akaweka kikombe chini.

— Walaal, ndugu yangu, wewe umetia ngamia alama. Ile chuma ya moto ukizamisha kwa maji, inalia namna gani?

— Inalia sana, tena kwa muda.

— Na cheche ya welda ikianguka kwa maji?

— Tss moja, imekwisha.

— Basi. Kitu kidogo maji inaishika kila upande, joto inatoka mara moja.

Hilo Kulow alilielewa, na moyo wake ukatulia kidogo.

— Sasa ukisaga zaidi, Guleid akaongeza, joto itakosa mahali ya kukaa. Rejeta itatoa baridi.

— Wallahi, akadakia Awil, baridi ya Nairobi. Abiria wavae koti.

— Ramadhani tutakunywa wakati wa daku, mtu ashinde bila kiu.

— Na mbuzi akinywa? akauliza Kulow.

— Maziwa itatoka barafu.

Sahara hakucheka. Alimimina vikombe viwili vya kahawa, akatia kijiko cha unga kwenye kimoja.

— Jaribuni hapa kwanza. Kikombe ikiharibika nitatafuta ingine. Lori je?

Wakachovya vidole. Guleid akaapa kuwa chenye shaba kimepoa zaidi, Awil akaapa kuwa ni kile kingine. Wakiwa katika kubishana, akaja msichana aitwaye Rukiyo, akitafuta nafasi kwenye lori, yeye na mama yake mgonjwa. Akachungulia kikombe.

— Adeer, ami yangu, hii ya chini ni nini? Mbona imelala?

— Inapumzika, akasema Awil.

Kulow akakoroga. Unga ukazunguka uking'aa, halafu ukashuka tena polepole mpaka chini. Akafikiria vijibomba vyembamba vya rejeta yake vikijaa tope hilo, na hamu yote ikamwisha. Akafunika kopo.

— Kesho bebeni mitungi mbili, akamwambia Rukiyo. Moja yenu, moja ya lori.

— Na ya lori ikiisha njiani, adeer, utachukua ya mama?

Guleid akageuka kuangalia mbuzi sokoni. Awil akainua kikombe chenye shaba apate kunywa, Sahara akamnyang'anya. Kulow akakumbuka watoto waliolia kiu, akaenda sokoni kutafuta mtungi wa tatu.